John Logie Baird: Baba wa televisheni aliyeshindwa na picha iliyokatwa nusu

Anayehamisha kaseti ya zamani ya VHS kwenye kompyuta, awe Likasi, Lubumbashi au Bukavu, hukutana na jambo moja la kushangaza. Bibi arusi akisimama tuli, picha ni safi. Akianza kucheza, mikono yake inapasuka kuwa mistari myembamba iliyolala, kama meno ya kitana. Wengi hudhani kaseti imeoza, au kompyuta ni mbovu.

Kaseti haina kosa. Meno hayo ni alama ya njia ya kurusha picha iliyoshinda London mapema mwaka 1937, na ushindi huo ulimwondoa hewani mtu aliyekuwa wa kwanza duniani kuonyesha televisheni ya kweli mbele ya watu. Huyo ni John Logie Baird, Mskoti, mtoto wa mchungaji, aliyefariki mwaka 1946 akiwa na miaka 57.

Baird alizaliwa tarehe 13 Agosti 1888 huko Helensburgh, mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Uskoti. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto wanne. Tangu utoto alikuwa mtu wa kuuguaugua. Baridi ya kwao ilimshika kifua kila mwaka, na maradhi hayo hayakumwacha mpaka kifo.

Mwili ulikuwa dhaifu, lakini mikono haikutulia. Akiwa bado mwanafunzi alitandaza nyaya kutoka chumbani kwake hadi nyumba za rafiki zake, akatengeneza simu yao wenyewe. Kisha akaiwekea nyumba ya baba yake taa za umeme, wakati majirani bado walikuwa wakiwasha taa za gesi. Baadaye alisomea uhandisi wa umeme katika chuo cha ufundi cha Glasgow, akaingia Chuo Kikuu cha Glasgow, lakini vita vya 1914 vilikatiza masomo hayo na hakurudi tena kuyamaliza.

Jeshi lilimkataa kwa sababu ya afya. Akaajiriwa katika kampuni ya umeme ya bonde la mto Clyde, na hapo alijaribu kutengeneza almasi. Alichukua kaboni, akaipitishia umeme mwingi sana kwa mpigo mmoja, na sehemu ya Glasgow ikabaki gizani. Almasi haikupatikana.

Iliyofuata ni miaka ya biashara za kubahatisha. Aliuza soksi za kuvaa ndani ya soksi, za kuzuia unyevu wa miguu, nazo zilimpa faida nzuri. Mwaka 1919 akasafiri mpaka kisiwa cha Trinidad, akifuata jua la kumponya kifua, akaanzisha kiwanda cha kupika jemu ya matunda. Wadudu wa msituni walivutwa na harufu ya sukari, wakaingia kwenye sufuria kwa makundi. Akarudi Uingereza na kuanza kuuza sabuni. Hiyo nayo haikudumu, afya ikaanguka tena.

Sanduku la chai na taa za baiskeli

Mwaka 1923 Baird alihamia Hastings, mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza, kutafuta hewa nzuri. Alikuwa na miaka 34, hana kazi, hana fedha. Ndipo aliporudia wazo lililokuwa likimzunguka kichwani kwa muda mrefu: kuituma picha inayotembea kutoka mahali pamoja hadi pengine, jinsi redio inavyotuma sauti.

Wazo lenyewe halikuwa lake peke yake. Mwaka 1873 Mwingereza Willoughby Smith, aliyekuwa akishughulikia nyaya za simu za chini ya bahari, alitangaza kwamba seleni hupitisha umeme zaidi inapopigwa na mwanga. Seleni ni kitu ambacho dunia huipata zaidi kwenye mabaki ya kusafisha shaba, jambo ambalo mtu wa Katanga atalielewa haraka. Mwaka 1884 Mjerumani Paul Nipkow alichora sahani ya duara yenye matundu yaliyopangwa kwa mzunguko kama gamba la konokono. Sahani ikizunguka, kila tundu hupita mbele ya picha na kuichora mstari mmoja, tundu linalofuata mstari wa pembeni, mpaka picha yote imesomwa.

Nipkow alikuwa ameandika wazo, lakini hakuna aliyekuwa amelifanya liishi. Baird alikata sahani yake ya kwanza kwenye karatasi ngumu ya sanduku la kofia. Akatumia sanduku la chai kama meza ya mota, sindano za kushonea, vioo vya taa za baiskeli, gundi na nta. Kila fundi anayefanya kazi na vilivyopo badala ya vinavyotakiwa angemtambua kuwa mwenzake.

Mwaka 1924 mtambo huo ulionyesha vivuli vya vitu vikitembea. Mwaka huo huo alishika waya wenye umeme mkali, akatupwa chini, akanusurika kwa mkono ulioungua. Mwenye nyumba hakutaka kusikia zaidi, akamwomba ahame. Baird akabeba vyombo vyake kwenda London, akapanga vyumba vidogo juu ghorofani katika mtaa wa Frith, Soho. Mwaka uliofuata duka kubwa la Selfridges lilimlipa kwa wiki tatu aonyeshe mashine yake kwa wateja. Walioiona waliona vivuli tu, lakini Baird alipata fedha ya chakula.

Tatizo lilikuwa mwanga. Ili chombo chake kione uso, taa zilitakiwa ziwe kali kiasi cha kumchoma mtu. Kwa hiyo alitumia kichwa cha mwanasesere alichokiita Stooky Bill. Tarehe 2 Oktoba 1925 kichwa hicho kilitokea kwenye kioo cha chumba cha pili, si kama kivuli bali kikiwa na macho, pua na mdomo, kikiwa na weusi na weupe wa katikati. Baird akashuka ngazi mbio, akamkuta kijana wa kazi wa ofisi ya chini, William Taynton, akampandisha juu na kumketisha mbele ya taa. Kijana alikimbia joto mara ya kwanza. Akapewa nusu kroni ili arudi kukaa. Hivyo Taynton akawa mtu wa kwanza ambaye uso wake ulionekana kwenye televisheni.

Tarehe 26 Januari 1926 wanachama wapatao 40 wa Royal Institution walipanda ngazi zile zile kwa makundi, pamoja na mwandishi wa gazeti la The Times. Picha ilikuwa ndogo, yenye mistari 30 tu, na ilitetemeka. Lakini ulikuwa uso wa mtu hai, ukitembeza midomo, katika chumba kingine.

Jina likapanda

Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa ya kasi. Mwaka 1927 alituma picha kwa waya wa simu kutoka London hadi Glasgow, karibu kilomita 705. Februari 1928 picha ilivuka bahari ya Atlantiki kwa redio hadi Hartsdale, karibu na New York. Julai mwaka huo alionyesha televisheni ya rangi. Tarehe 30 Septemba 1929 vyombo vya BBC vilianza kurusha picha zake kwa majaribio.

Kwa msomaji wa Likasi, ambayo Wabelgiji waliiita Jadotville, huo ni mwaka ambao Union Minière ilianza kutoa shaba kwa umeme katika kiwanda cha Shituru. Shaba ya aina hiyo ndiyo dunia ya redio, simu na televisheni ilikuwa ikiihitaji kwa maelfu ya tani. Wafanyakazi wa Shituru wakati huo hawakuona picha yoyote.

Mwaka 1931 Baird alimwoa Margaret Albu, mpiga piano mzaliwa wa Afrika Kusini. Ndoa ilifungwa New York. Walizaa watoto wawili, Diana na Malcolm. Lakini katika kampuni iliyobeba jina lake, nguvu ilikuwa ikimtoka. Wenye mtaji wa sinema waliinunua, wakaleta wahandisi wao, na Baird akabaki zaidi jina mlangoni kuliko mwamuzi ndani.

Jinsi picha ilivyokatwa

Hapa ndipo kesi yenyewe ilipo, na inastahili kuelezwa polepole.

Televisheni haitembezi picha. Inaonyesha picha nyingi zilizosimama, moja baada ya nyingine. Picha 25 kwa sekunde zinatosha kulidanganya jicho lione mwendo. Lakini kioo kikiwaka na kuzimika mara 25 kwa sekunde, jicho huona kupepesa, na kadiri kioo kinavyong'aa ndivyo kupepesa kunavyochosha. Kikiwaka mara 50, jicho hutulia. Dawa iliyo wazi ni kutuma picha 50 kwa sekunde, lakini hiyo inahitaji nafasi hewani mara mbili, na mitambo ya miaka ya 1930 haikuwa na uwezo huo.

Mjerumani Fritz Schröter wa kampuni ya Telefunken aliandikisha njia ya kukwepa mwaka 1930, na Mmarekani Randall Ballard wa RCA akaandikisha yake mwaka 1932. Picha inagawanywa kwa mistari. Kwanza inatumwa mistari ya 1, 3, 5, 7 na kuendelea mpaka chini. Kisha mtambo unarudi juu na kutuma mistari ya 2, 4, 6, 8. Kila safari ni nusu-picha. Kioo kinawaka mara 50 kwa sekunde, ingawa picha nzima ni 25 tu. Nafasi hewani haiongezeki, na kupepesa kunaisha.

Kuna faida nyingine: kila nusu-picha hupigwa kwa wakati wake. Mwendo unachukuliwa mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo mpira wa miguu au mchezaji wa ngoma anaonekana akiteleza bila kurukaruka. Na hapo hapo ndipo deni lilipojificha. Nusu mbili za picha moja si za wakati mmoja. Kati yake imepita sehemu moja ya hamsini ya sekunde, na katika muda huo mkono wa bibi arusi umeshahama.

Katika maabara za EMI, Uingereza, kundi la wahandisi chini ya Isaac Shoenberg, mhamiaji kutoka Urusi, lilichukua njia hiyo. Januari 1935 kamati ya serikali iliyoongozwa na Lord Selsdon ilipendekeza televisheni mpya iwe na angalau mistari 240. Kampuni ya Baird ikabaki kwenye 240, mistari ya mfululizo kutoka juu mpaka chini, picha 25 kwa sekunde. Shoenberg aliruka mpaka 405, kwa mistari ya kupishana. Wenzake walijua anacheza kamari: kama kamera zingekataa, kampuni ingeaibika mbele ya taifa zima.

Wiki kwa wiki

Tarehe 2 Novemba 1936 BBC ilifungua huduma yake ya televisheni kutoka jengo la Alexandra Palace, kaskazini mwa London. Mifumo yote miwili ilipewa nafasi, wiki moja Baird, wiki moja Marconi-EMI. Kura ya sarafu iliipa kampuni ya Baird heshima ya kutangulia.

Heshima hiyo haikudumu. Upande wa EMI ulikuwa na kamera za umeme zinazosukumwa na kugeuzwa, hata kutolewa bustanini. Upande wa Baird, kwa matukio makubwa, mtangazaji alipigwa kwanza kwenye filamu ya sinema. Filamu ikapita ndani ya mabeseni ya dawa, sianidi ikiwa miongoni mwake, ikasafishwa na kusomwa na mtambo ikiwa bado mbichi. Kati ya mtu kusema na watazamaji kumwona ilipita karibu dakika nzima. Kamera haikuweza kuondoka mahali pake kwa sababu ya uzito wa mabeseni na mabomba.

Kisha likaja pigo la pili. Usiku wa tarehe 30 Novemba 1936 jengo kubwa la kioo la Crystal Palace liliteketea kwa moto. Maabara nyingi za kampuni ya Baird zilikuwa humo.

Mwisho wa Januari 1937 mitambo ya Baird ilirusha picha yake ya mwisho Alexandra Palace. Mistari 405 ya kupishana ikabaki peke yake, na ingebaki kwenye antena za Waingereza mpaka Januari 1985.

Ni rahisi kumhurumia Baird na kusema alionewa, kwa kuwa leo simu, kompyuta na sinema zote zimerudi kwenye mistari ya mfululizo, ile ile ya mfumo uliotupwa. Hiyo si kweli. Mistari 240 ilikuwa hafifu, kupepesa kwake kulionekana, na BBC ingekuwa imechagua vibaya. EMI ilishinda kwa haki. Tena Baird mwenyewe hakuwa adui wa kupishanisha mistari. Alipokosa kampuni na fedha, aliichukua mbinu ya wapinzani wake na kuipeleka mbali kuliko wao.

Serikali ilizima televisheni tarehe 1 Septemba 1939, vita vilipokaribia, na kampuni ikaanguka mikononi mwa wadai. Baird aliendelea kwa fedha yake mfukoni, nyumbani kwake Sydenham, mabomu yakidondoka London. Tarehe 16 Agosti 1944 aliwaonyesha waandishi bomba la kioo alilolipa jina Telechrome, lenye uwezo wa kuonyesha rangi kwa umeme mtupu, bila sahani wala kitu chochote kinachozunguka. Picha ilikuwa ya mistari 600, na haikukatwa mara mbili bali mara tatu: mstari mmoja unapitwa, wa pili unapitwa, wa tatu unachorwa, halafu kurudi juu. Yule mtu wa sanduku la kofia alikuwa amefika mbele ya wote.

Hakukuwa na aliyelitengeneza bomba hilo kwa biashara. Mapema mwaka 1946 Baird alipata kiharusi. Tarehe 7 Juni BBC ilifungua tena televisheni baada ya vita, na wiki moja baadaye, tarehe 14 Juni 1946, alifariki akiwa Bexhill, pwani ya kusini. Alizikwa Helensburgh, karibu na wazazi wake.

Deni lililofika Likasi

Televisheni ya taifa ilipoanza Kinshasa mwaka 1966, nchi ilifuata hesabu za Ulaya: mistari 625, picha 25 kwa sekunde, kila picha nusu mbili. Kamera za video, kaseti za VHS na baadaye diski za DVD zilirithi hesabu hiyo hiyo. Kwenye televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa hakuna aliyeona meno ya kitana, kwa sababu bomba lake lilichora nusu moja, likaiacha ififie, likachora nyingine. Kioo na picha vilikuwa vimezaliwa pamoja.

Kioo bapa cha kompyuta hakijui nusu. Kinachora picha nzima kwa wakati mmoja, na kikipewa nusu mbili za nyakati mbili huzifuma pamoja. Hapo ndipo meno yanapotoka.

Jambo hili lina uzito katika mji kama Likasi, ambako kaseti za ndoa, za ubatizo, za kilio na za sherehe za wafanyakazi wa Gécamines ndizo zinazobeba nyuso na sauti za wazazi walioondoka. Ukanda wa sumaku huchakaa kila mwaka, mashine za kuucheza zimekuwa adimu, na kaseti iliyohamishwa vibaya kisha ikatupwa hairudi.

Mafundi wengi wanaotumia kompyuta zilizokwisha tumika huziwekea Linux, kwa kuwa ni ya bure na haidai mashine ya nguvu. Kwenye Linux, kama kwenye FreeBSD na mifumo mingine ya jamii ya Unix, kwanza ni kutofautisha magonjwa mawili. Meno mengi membamba kwenye kila kinachotembea ni nusu-picha zilizofumwa. Mkato mmoja uliolala, kama picha imekatwa kwa kisu na kipande cha juu kimeteleza, ni ugonjwa mwingine kabisa: kompyuta imebadilisha picha wakati kioo kipo katikati ya kuichora.

Wa pili unatibiwa kwenye kiendeshi, yaani programu inayoiamuru kadi ya picha. Amri ya glxinfo -B humwonyesha fundi ni kiendeshi gani kinachofanya kazi. Likitokea jina llvmpipe, kadi imelala na kichwa cha kompyuta ndicho kinachochora kila kitu. Video itakwama hata kama faili ni zuri. Viendeshi vya Intel na AMD huja ndani ya Linux yenyewe. Kwa NVIDIA kuna nouveau, kilichotengenezwa na wahandisi wa kujitolea, na kile cha kampuni. Kadi za zamani huhitaji toleo la zamani la hicho cha kampuni. Kwenye Xorg, mipangilio ya Intel na AMD ina kipengele kinachoitwa TearFree ambacho kikiwashwa huondoa ule mkato. Kwenye Wayland mkato huo kwa kawaida hauonekani kabisa.

Ugonjwa wa kwanza unatibiwa na kicheza video. Katika mpv na katika VLC, kubonyeza herufi d kunawasha kutenganisha nusu-picha. Kazi hiyo hufanywa na vichujio kama yadif, kilichoandikwa na Michael Niedermayer, au bwdif kilichokuja baada yake. Havitupi nusu moja. Huichukua kila nusu, huangalia majirani zake wa kabla na wa baada, kisha hukisia mistari inayokosekana. Vikiamriwa kutoa picha moja kwa kila nusu, hutoa picha 50 kwa sekunde, na ngoma inarudi kuteleza kama ilivyoteleza kwenye televisheni ya sebuleni. Vikitoa moja kwa kila mbili, meno yanaondoka lakini nusu ya mwendo inaondoka nayo.

Kioo cha kompyuta kwa kawaida huchora mara 60 kwa sekunde. Picha 50 hazigawanyiki vizuri ndani ya 60, kwa hiyo kamera ikigeuka polepole video hutetemeka kidogo. Kioo kinachokubali 50 kinaweza kupangwa hivyo kwa xrandr. Na kama watu wanaonekana wakirudi nyuma na kwenda mbele kwa kila hatua, mpangilio wa nusu umepinduliwa: ya pili inaonyeshwa kabla ya ya kwanza. Hilo hurekebishwa kwa kubadili chaguo moja.

Kosa lisilo na dawa hufanyika mapema zaidi. Fundi anayepunguza au kukuza ukubwa wa video kabla ya kutenganisha nusu-picha huichanganya mistari ya nyakati mbili kuwa rangi moja, na hakuna kichujio kitakachoitenganisha tena. Faili la kwanza linalotoka kwenye kaseti linapaswa kuachwa kama lilivyo, na meno yake yote, na nakala ya kutazama itengenezwe pembeni.

Sahani za mwaka 1927

Baird naye aliacha nyuma yake kaseti za aina yake. Katika miaka ya 1927 na 1928 alijaribu kuandika picha za televisheni kwenye sahani za santuri, kama muziki. Jaribio hilo aliliita Phonovision. Kuzirudisha ziwe picha zinazotazamika hakuweza. Mitambo ya kuandikia ilitikisika, na picha ikayumba pamoja nayo. Sahani chache zilibaki, na kwa zaidi ya miaka 50 hakuna aliyeona kilichomo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mhandisi Mskoti Donald McLean alianza kuzishughulikia kwa kompyuta. Alizicheza kama santuri, akaigeuza sauti yake kuwa namba, kisha akaandika programu za kuupanga kila mstari mahali pake, mmoja baada ya mwingine, zikiondoa ule mtikisiko. Sahani ya zamani kuliko zote ina tarehe 20 Septemba 1927. Uso uliotoka humo, kwa mistari 30, ni wa mwanasesere Stooky Bill, akigeuza kichwa.